Msimu Mmoja, Timu Moja: Shajara ya Kuifuata Intermarché–Wanty, 2024

Januari: mradi wenyewe

Klabu yetu ya baiskeli hapa Moshi ina vijana wanaopanda hadi Marangu bila kutia mguu chini. Miguu wanayo, pumzi wanayo. Wanachokosa ni kuisoma mbio. Kila mmoja anataka kuongoza tangu kilomita ya kwanza, mwisho wote wanafika hoi na ushindi anaubeba aliyekaa kimya nyuma ya migongo ya wenzake. Ndiyo sababu mwaka huu tumeanzisha mradi huu: tunachagua timu moja ya kulipwa, tunaifuata kuanzia Januari mpaka Oktoba, na kila tunachokiona kinaingia kwenye shajara hii.

Sharti ni moja. Kila kijana amekabidhiwa mwendeshaji wake, na huyo ndiye anayemwangalia, awe amemaliza wa kwanza au wa mia. Anaandika mtu wake alikuwa wapi kwenye kundi, alimkinga nani upepo, na alichoka wapi. Matokeo ya mshindi yanapatikana kila mahali. Kazi ya yule wa mia haiandikwi popote.

Timu tuliyoichagua ni Intermarché–Wanty ya Ubelgiji. Wadhamini wake ni maduka ya Kifaransa ya Intermarché na kampuni ya ujenzi ya Wanty kutoka mkoa wa Hainaut. Iliingia WorldTour, ngazi ya juu kabisa ya mbio za kulipwa, mwaka 2021 kwa kuichukua leseni ya timu ya CCC iliyokuwa inafungwa, na kifedha iko upande wa wanyonge ukiilinganisha na timu tajiri kama UAE au Visma. Nilitaka timu ya namna hiyo. Tajiri akikosea leo, kesho anatuma nyota mwingine. Timu ndogo lazima ichague mbio zake na ichague nani amfanyie nani kazi, na hapo ndipo kuna somo.

Na ndiyo, kuna Biniam Girmay. Mzaliwa wa Asmara, Aprili 2000. Alipita kituo cha mafunzo cha shirikisho la dunia, UCI, huko Aigle, Uswisi, akashinda hatua moja (yaani siku moja ya mbio ya siku nyingi) ya Tour du Rwanda mwaka 2019, akaajiriwa na timu ya Kifaransa ya Delko, na Delko ilipokwama kifedha akahamia hapa katikati ya 2021. Machi 2022 akashinda Gent–Wevelgem, mbio ya siku moja ya Ubelgiji, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na Mei mwaka huohuo akashinda hatua ya Giro d'Italia, mbio kubwa ya wiki tatu ya Italia, mjini Jesi. Jioni hiyo kizibo cha chupa ya mvinyo kilimruka jichoni akiwa jukwaani, na kesho yake hakuanza. Mwaka 2023 ulimwendea vibaya. Kwa hiyo tunaanza na mtu mwenye deni na nafsi yake.

Tarehe 25 Januari, Australia, Girmay kashinda Surf Coast Classic pale Torquay. Mradi haujakaa sawa na tayari kuna ushindi. Vijana wameshangilia. Nimewaambia waandike kwanza, washangilie baadaye.

Februari: siku ya Rex

Wiki nyingi za mwezi huu zimepita bila la kuandika. Tarehe 27 ikaja Le Samyn.

Ni mbio ya Hainaut, nyumbani kabisa kwa timu hii, yenye vipande vya barabara ya mawe vinavyorudiwa katika mizunguko. Mshindi: Laurenz Rex. Huyu ni jitu la Kibelgiji, mrefu, mwenye mapaja ya kuvuta mkokoteni, na karibu msimu wote kazi yake ni kukaa mbele ya kundi akila upepo kwa niaba ya wengine. Kijana aliyekabidhiwa Rex alikuwa amenung'unika Januari kwamba kapewa mbeba mizigo. Leo ameandika kurasa tatu.

Swali alilouliza lilikuwa zuri: kama anaweza kushinda, kwa nini siku nyingine anafanya kazi? Tulilijadili muda mrefu. Mbio kama Le Samyn inamfaa mtu mzito mwenye nguvu ya kudumu. Mbio inayoishia kwa mita 200 za kasi ya ajabu inamfaa mwingine. Timu inamwajiri Rex ikijua siku zake ni chache, na kwamba siku zilizobaki nguvu zake zitatumika kwa faida ya mwenye siku hiyo. Mshahara wake unalipia siku zote hizo.

Machi na Aprili

Miezi ya mawe na vilima vya Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji. Kwa timu yetu, miezi ya maumivu.

Tarehe 27 Machi, katika Dwars door Vlaanderen, kundi likiwa linakimbia kwa kasi kugombea nafasi nzuri kabla ya kilima, walianguka vibaya. Wout van Aert, nyota wa Ubelgiji wa timu ya Visma, alivunjika mifupa. Girmay naye alikuwa chini. Watu wanafikiri hatari iko kilimani au kwenye mawe. Ukitazama vizuri utaona watu wanaanguka kabla ya hapo, kwenye barabara pana ya lami, kwa sababu kila timu inataka kuingia kilimani ikiwa mbele na barabara haina nafasi ya wote.

Kuhusu pointi nieleze mara moja, maana vijana wameuliza. UCI inajumlisha pointi za kila timu kwa misimu mitatu, sasa hivi 2023 hadi 2025, na timu 18 za juu ndizo zinazopata leseni ya WorldTour. Zinahesabiwa pointi za waendeshaji 20 wa timu walio bora kila mwaka. Kwa hiyo Rex akishinda Le Samyn, ushindi ule unaingia kwenye hesabu ya kama timu itabaki juu au itashuka. Mwendeshaji wa kumi na tano katika timu anapopigania nafasi ya nane kwenye mbio ambayo hakuna anayeitazama, anapigania ajira ya wenzake, mafundi na wapishi wakiwemo.

Mei

Tarehe 7, hatua ya nne ya Giro, kutoka Acqui Terme hadi Andora. Mvua. Girmay kaanguka kwenye mteremko, kainuka, kaanguka tena, kisha kaingia kwenye gari. Giro imeisha kwake ndani ya siku nne. Kijana anayemfuata hakutaka kuandika kitu. Nikamwambia aandike hivyohivyo: mvua, mteremko, mara mbili, gari.

Mteremko wenye unyevu nimeuzungumza sana na vijana hawa, kwa sababu hapa kwetu tunashuka kutoka Marangu lami ikiwa imelowa na kuna mikungu ya ndizi pembeni. Ukishaanguka mara moja, mwili unakaza. Mikono inabana usukani, baiskeli inakosa ulegevu wa kupita konani, na unaanguka tena. Sijui kichwani mwa Girmay kulikuwa na nini, ila mwili wa binadamu ni uleule.

Mwisho wa mwezi, Circuit Franco-Belge: Girmay kashinda. Mbio ya siku moja, haina kelele, tena nyumbani kwa timu. Nimeiwekea alama ya nyota kwenye shajara. Mtu aliyetoka Italia na majeraha wiki tatu zilizopita amerudi na miguu.

Juni: kikosi cha Tour

Timu inapeleka wanane Tour de France: Girmay, Gerben Thijssen, Mike Teunissen, Laurenz Rex, Hugo Page, Georg Zimmermann, Kobe Goossens na Louis Meintjes wa Afrika Kusini. Tour inaanzia Florence tarehe 29 Juni na kumalizikia Nice tarehe 21 Julai, maana Paris inajiandaa kwa Olimpiki. Hatua 21, timu 22, waendeshaji 176.

Someni orodha hiyo polepole. Thijssen na Girmay ni watu wa kasi ya mwisho. Meintjes ni wa milimani. Mwaka 2022 aliingia kumi bora ya Tour. Zimmermann ni wa kuchomoka na kundi dogo. Teunissen ndiye ninayempenda kuliko wote. Mholanzi huyu alishinda hatua ya kwanza ya Tour ya 2019 mjini Brussels akavaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio, na leo kazi yake ni kumfikisha mwingine mita 200 za mwisho halafu asogee pembeni.

Zoezi letu la mwezi huu limefanyika kwenye barabara ya kwenda TPC, tambarare ile inayopita kati ya mashamba ya miwa, Jumapili alfajiri kabla malori hayajaamka. Vijana wanne katika mstari. Wa kwanza anavuta mpaka anaishiwa, anapinda kushoto. Wa pili anachukua. Wa tatu ndiye mgumu kufundisha: inabidi aongeze kasi bila kushtua, maana akiruka ghafla wa nne anaachwa mita mbili, na mita mbili kwa kasi ile hazizibiki. Tena anatakiwa atoe kila kitu alichonacho akijua jina lake halitatangazwa. Siku ya kwanza wa tatu wetu alikuwa anageuza shingo kuangalia kama mwenzake yupo. Tumerudia mpaka akajifunza kusikiliza mlio wa gurudumu nyuma yake.

1 Julai: Turin

Hatua ya tatu, Piacenza hadi Turin, kilomita 230.8, ndefu kuliko zote za Tour ya mwaka huu. Tambarare. Siku nzima hakuna aliyetaka kuchomoka kwa dhati.

Kilomita chache kabla ya mwisho watu walianguka na kundi likakatika. Jasper Philipsen, aliyeshinda mwaka jana jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi, akabaki nyuma ya mkatiko. Mbele wakabaki wenye kasi wachache, kila mmoja anatafuta mgongo wa kujificha. Girmay akapita kando ya vizuizi, kwenye uwazi ambao mtu mwingine angesema hautoshi mabega mawili. Akavuka mstari mbele ya Fernando Gaviria na Arnaud De Lie.

Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France tangu mbio hii ianze mwaka 1903.

Karakana ya fundi wetu ilijaa watu waliokuwa wanapita tu barabarani. Mama mmoja muuza mboga aliuliza, "Huyo ni wa kwetu?" Akajibiwa na vijana watatu kwa mpigo: "Wa Eritrea, mama." Akasema, "Basi wa kwetu," akaweka kapu chini atazame marudio.

Sasa kazi. Nilikusanya madaftari jioni ileile kabla furaha haijafuta kumbukumbu. Kijana wa Goossens alikuja na ukurasa karibu mtupu. "Kaka, huyu wangu simwoni kabisa kwenye runinga." Tukarudia picha pamoja. Akamwona mara moja akirudi kutoka kwenye gari la timu, jezi imefura mgongoni kwa chupa za maji, akipenya kundi kupeleka mbele. Siku ya zaidi ya kilomita 230, kiangazi cha Italia, mtu mmoja anahitaji chupa nyingi, na Girmay hawezi kuzifuata mwenyewe. Ukurasa ule sasa una mistari.

3 hadi 6 Julai

Hatua ya tano, Saint-Vulbas, Mark Cavendish kashinda hatua yake ya 35 na kuivunja rekodi aliyokuwa amelingana na Eddy Merckx. Siku ya Cavendish, na ni haki yake. Jioni hiyohiyo jezi ya kijani imehamia kwa Girmay.

Hesabu ya jezi ya kijani ni hii, na nimeibandika ukutani. Hatua tambarare: wa kwanza 50, wa pili 30, wa tatu 20, na kushuka. Hatua ya mlima mkubwa: wa kwanza 20 tu. Katika kila hatua ya barabara kuna mstari wa katikati ambapo wa kwanza anapata 20, na pointi zinagawiwa mpaka mtu wa kumi na tano. Yaani siku ya milima, mstari wa katikati ukiwa kabla ya mlima, mtu wa kasi anaweza kupata sawa na anayekwenda kushinda kileleni. Jezi hii inashindwa na anayekimbilia pointi za saa saba mchana, wakati wengi bado hawajawasha runinga.

Tarehe 4 Dijon, Dylan Groenewegen kashinda. Philipsen kashushwa kwa kuhama mstari wake na Girmay kawekwa wa pili.

Tarehe 6, hatua ya nane, Colombey-les-Deux-Églises, kijiji cha Jenerali de Gaulle. Mvua, barabara ya kupanda na kushuka siku nzima, na mwisho unapandisha. Jonas Abrahamsen wa Norway alikaa mbele peke yake kwa muda mrefu sana kabla hajakamatwa. Mwisho wa kupanda unamkata mtu wa kasi tupu, unamfaa mwenye kasi na mapafu. Girmay kashinda mbele ya Philipsen. Safari hii hakuna mkatiko na hakuna aliyebaki nyuma kwa ajali. Waliokuwa wanasema Turin ilikuwa bahati wamejibiwa barabarani.

11 Julai

Villeneuve-sur-Lot. Hatua ya tatu Girmay anayoshinda. Van Aert wa pili.

Kwenye picha za pembeni mwa barabara bendera za Eritrea sasa ni nyingi kuliko nilivyowahi kuona za nchi yoyote ya Afrika katika mbio hizi. Waeritrea wanaoishi Ulaya wamekuja na watoto.

16 Julai: Nîmes

Siku mbaya, na naiandika kwa urefu kwa sababu ina mafunzo mengi kuliko ushindi.

Hatua ya mwisho tambarare ya Tour, kwa hiyo nafasi ya mwisho kwa wenye kasi. Karibu kabisa na mwisho, kwenye kipilefti, Girmay kaanguka. Philipsen kashinda, kabeba 50. Girmay kafika polepole na wenzake pembeni yake, kiwiko na goti vimechanika, kashonwa.

Kanuni inasema anayeanguka ndani ya kilomita chache za mwisho za hatua tambarare anapewa muda sawa na kundi alilokuwa nalo. Vijana walipumua waliposikia hivyo. Lakini muda si pointi. Pointi anapewa aliyevuka mstari katika nafasi yake. Uongozi uliokuwa mkubwa asubuhi umebaki 32, na mbele kuna milima.

17 hadi 21 Julai

Superdévoluy, Barcelonnette, Isola 2000, Couillole. Kwa Tadej Pogačar, mwenye jezi ya njano, hizi siku za milima ni za kushinda. Kwa mtu wa kasi mwenye nyuzi kwenye ngozi ni siku za kuishi.

Nimewaagiza wote wanane waache mbele na watazame nyuma. Kila hatua ina muda wa kikomo: muda wa mshindi unaongezwa asilimia fulani kulingana na ugumu wa hatua na kasi yake. Ukichelewa hata ukiwa na jezi ya kijani unarudishwa nyumbani. Tena Pogačar akipanda kwa kasi anavyopanda mwaka huu, kikomo kinakuja mapema kwa wote walio nyuma. Kwa hiyo wazito wanajikusanya katika kundi la nyuma, wanapanda kwa mwendo wa kuhesabu, wanazungumza, wanapeana chakula, kisha wanateremka kwa kasi ya kutisha kufidia. Rex, aliyeshinda Le Samyn mwezi wa pili, yuko hapo. Kazi yake ya wiki hii haiingii kwenye jedwali lolote.

Na kwenye mistari ya katikati Girmay bado alijitokeza, bandeji na yote, akimfuata Philipsen gurudumu kwa gurudumu ili asimwachie pointi za bure. Tulihesabu kwa kalamu kila siku. Uongozi ulikuwa 32 Nîmes, ulimalizika 33.

Tarehe 21, Monaco hadi Nice, mbio ya kila mtu peke yake dhidi ya saa. Girmay 387, Philipsen 354. Jezi ya kijani ya Tour de France imekwenda Afrika kwa mara ya kwanza.

Agosti na Septemba

Asmara walimpokea kwa umati. Baiskeli iliingia Eritrea na Waitaliano, na kwa muda mrefu wenyeji hawakuruhusiwa kushindana na Wazungu. Leo ni mchezo wa taifa zima. Mbio zenyewe za miezi hii nimezipitia juujuu. Timu imechoka, inaonekana.

Oktoba: tulipofika

Mabadiliko ninayoyaona kwa vijana wetu yako kwenye barabara ya TPC. Juzi, katika mbio yetu ya ndani, wa tatu katika mstari alitoa nguvu zake zote, akapinda pembeni, akamaliza wa mwisho katika kundi, na wenzake walimwendea yeye kabla ya mshindi. Sikuwaagiza.

Teunissen anahamia timu ya Astana. Hili linanisumbua kwa dhati. Mtu wa kumfikisha mwenzake mita 200 za mwisho hapatikani kwa mkataba tu. Inachukua misimu kujua mwenzako anapumuaje. Mwakani nitataka kuona nani anakaa mbele ya Girmay, na kama timu haitapata mtu, pointi za 2025, mwaka wa mwisho wa hesabu ya miaka mitatu, zitakuwa ngumu.

Ratiba ya mwakani nimeshaanza. Septemba 2025 Mashindano ya Dunia yanakuja Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Kutoka Moshi kwenda Kigali ni safari ya basi. Nauli tunaanza kuchanga mwezi huu, na atakayesafiri lazima awe na daftari lililojaa. Kijana wa Goossens ndiye anaongoza kwa kurasa.